Siri Tumboni mwa Nsimire

Asubuhi ile Joséphine alikojoa kijani. Si manjano ya mtu asiyekunywa maji. Kijani kabisa, kijani cha sombe, yale majani ya muhogo, yakishachemka. Alikojolea beseni chumbani kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia ya chooni, na kwapa lake la kushoto lilikuwa bado na nyuzi mbichi. Alitaka kulimwaga mwenyewe kabla mtu hajaamka. Lakini nyumba yenye wifi haina kona ya siri, na alipokuwa anainama kulibeba kwa mkono mmoja, Mukandekezi, dada wa marehemu mume wake, alikuwa ameshaingia na ufagio.

"Lete. Mugonjwa habebake," alisema Mukandekezi, akalichukua beseni. Kisha akachungulia.

Mama wee! Kelele iliyotoka mle ndani iliwaamsha hata waliolala na pombe kichwani. "Sumu! Bamemulisha sumu wifi yangu! Mukuye, majirani, mukuye muone!" Akatoka na beseni uani, akaliweka katikati ya ua kama ushahidi mahakamani, na majirani wakaja. Nani asingekuja? Walikuja na miswaki mdomoni, walikuja na watoto mgongoni, wakainama mmoja mmoja kutazama mkojo wa mwanamke mwenye heshima zake, mwimbaji wa kwaya, na kila aliyeinama aliinuka akisema Yesu wangu.

Sumu, kwetu Rusizi, huku Rwanda ng'ambo ya Bukavu ya Kongo, ni neno lenye miguu. Ukilitamka jikoni, maji hayajachemka limeshafika sokoni Kamembe. Na kila upande wa mto una ushahidi wake: huku tunasema sumu inatoka Bukavu, kule wanasema inatoka kwetu, na hakuna aliyewahi kuiona kwenye kijiko.

"Jana alikula kwa nani?" Mukandekezi aliuliza.

Iriza, binti wa pekee wa Joséphine, alijibu bila hila yoyote, maana hakuwa na sababu ya kuficha. "Kwa Maman Nsimire. Alimuletea uji mu termosi."

Na nani huyo anayeingia getini wakati huo huo, kitenge kiunoni, anafuata termosi yake? Nsimire mwenyewe. Mwanamke wa Kishi, mzaliwa wa Bukavu, aliyeolewa huku na dereva wa lori, na mwenye kibanda cha chakula karibu na soko: bugali, sombe, sambaza, samaki wadogo wa kisiwa cha Nkombo, waliokaangwa vizuri. Yeye na Joséphine walikaa dawati moja wakiwa wasichana kule Bukavu, enzi ambazo wazazi wa Joséphine walikuwa wakimbizi. Joséphine aliporudi nchini na watu wake, walilia kwenye daraja la mpakani. Nsimire alipoolewa Kamembe, walicheka mpaka mbavu zikauma.

"Weye!" Mukandekezi alimwelekezea kidole. "Uliweka nini mu ile uji?"

"Mi? Niliweka sukari."

"Sukari njo inakojolesha muntu majani?"

Nsimire akasogea, akalitazama beseni. Uso wake ukatulia. Alikuwa ameelewa, tena ameelewa kuliko wote waliosimama pale. Akainua macho akamtafuta Joséphine, akamwona amesimama mlangoni, ameegemea mwimo, mkono wa kulia umeshika kwapa. Alimtazama tu. Hakumkonyeza, hakumtikisia kichwa. Alingoja.

Joséphine alijua anachongojewa. Lilikuwa neno fupi: ni rangi ya hospitali. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake. Lakini nyuma ya neno hilo lilikuwapo jingine, na nyuma ya jingine hilo alimwona Iriza na harusi yake. Joséphine akatazama chini.

"Anaogopa kumuangalia mulozi usoni!" alisema mmoja.

Mtu aliitupa termosi, ikaviringika mpaka miguuni pa Nsimire. Aliiokota, akaipangusa tope kwa kitenge chake, akatoka. Hakusema hata neno moja. Na watu wetu, wanavyojua kusoma ukimya wa wengine, wakasema: umeona? Mwenye haki angejitetea.

Sasa hebu tuelezane, maana mtu anaweza kudhani Joséphine alikuwa mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa mwoga, na uoga ukipata sababu nzuri huvaa nguo za busara.

Uvimbe aliugundua mwenyewe akioga, mdogo kama punje ya haragwe, upande wa nje wa titi la kushoto. Alinyamaza nao. Wakati huo huo Hirwa, kijana mwalimu wa Gitambi, alikuwa ameanza kuja nyumbani kwa heshima kwa ajili ya Iriza, na wazee wake walikuwa wanajiandaa kuja kubisha mlango. Na Joséphine alikuwa amesikia kwa masikio yake kina mama wa kwaya wakisema kuhusu nyumba fulani: kanseri ya titi haiji peke yake, inafuata damu, mama leo, binti kesho, nani atamwozesha mwanawe pale? Siku ile na yeye alicheka pamoja nao. Sasa kicheko kile kilimrudia kooni.

Alimwonyesha Nsimire peke yake, nyuma ya kibanda, kati ya magunia ya makaa. Nsimire aligusa, akanawa mikono, akasema, "Tunaenda." Akafunga kibanda, akawa gardmalade wake, yaani yule anayemlinda na kumpikia mgonjwa hospitalini. Walipanda basi wakapita msitu wote wa Nyungwe mpaka hospitali kubwa kule mbali, safari baada ya safari. Nyumbani Joséphine aliaga kwamba ana jipu la kwapa lililoshinda kituo cha afya.

Siku ya upasuaji nesi Uwineza, binti mpole mwenye sauti ya taratibu, aliwaketisha wote wawili akawaeleza, akijionyeshea kwa kidole kwenye kwapa lake mwenyewe. "Mama, tutatoa uvimbe. Lakini tunataka kujua kama kanseri ilishaanza kutembea. Ikitembea, kituo chake cha kwanza kwa kawaida ni tezi za kwapani. Hatutaki kuzitoa zote bure, mkono ukaja kuvimba maisha yako yote. Kwa hiyo daktari atadunga rangi ya bluu kwenye titi. Rangi inafuata njia ile ile ambayo kanseri ingefuata. Tezi ya kwanza kugeuka bluu ndiyo mlinzi wa mlango. Tunaitoa hiyo, tunaipeleka ichunguzwe. Mlinzi akiwa safi, walio nyuma yake tunawaachia amani."

"Na akikutwa nayo?" aliuliza Joséphine.

"Basi tutajua, na tutapanga matibabu mengine. Majibu yanachukua wiki kadhaa." Kisha akatabasamu. "Na msishtuke, mama. Mkojo utakuwa kijani siku moja au mbili. Ni ile rangi inatoka."

Nsimire alicheka sana kwa hilo. "Joséphine, utakojoa sombe!" Nesi naye akacheka. Basi, Nsimire alisikia. Alisikia kila kitu, na aliyaelewa yote.

Ndani ya basi la kurudi, kati ya miti ile mirefu, Joséphine alimshika mkono. "Nsimire, kama bakwe ba Gitambi banajua, mtoto wangu ameisha. Usiseme kwa mutu."

"Siri yako iko mu tumbo yangu," alijibu Nsimire. "Hata banipasue."

Na wakampasua kweli.

Mukandekezi hakuishia kwenye kelele. Mpe haki yake: alimpenda wifi yake. Mchana ule ule alimwita mama mmoja kutoka Nkombo, mjuzi wa majani, akavuka na mtumbwi na mfuko wake wa dawa ya kutapisha. Chungu, mama, chungu ya kukunja vidole vya miguu. Joséphine angeweza kukataa. Lakini mtu aliyekubali sumu atakataaje dawa? Alikunywa kikombe kizima mbele yao. Akatapika mpaka nyuzi za titi zikavuta kama zinachomolewa, akalishika titi kwa kiganja chini ya blauzi asionekane, na Mukandekezi akimpapasa mgongo, akilia machozi ya kweli: "Toa, mama, toa mabaya yote."

Kesho yake mkojo ulikuwa safi. Bila shaka ulikuwa safi, rangi ilikuwa imemaliza safari yake. Lakini nyumba nzima ikashangilia, na mama wa Nkombo akapata sifa mpaka gatini. Sumu sasa ilikuwa na ushahidi wa pande mbili: ilionekana ikiingia, na ilionekana ikitoka.

Joséphine alijiambia atasema baadaye. Wakwe wakishakuja. Harusi ikishapita. Mtu anayejidanganya hakosi tarehe.

Siku aliyokwenda kubadilishiwa bandeji alipita karibu na soko. Ilikuwa saa ya chakula, saa ambayo kwa Nsimire watu huwa wanagombania benchi. Madereva wa malori ya saruji ya Bugarama walikuwa ng'ambo ya barabara, wamesimama juani wanatafuna chapati kavu. Upande huu benchi zilikuwa tupu. Nsimire alikuwa ameketi nyuma ya sufuria zake zilizofunikwa, mikono mapajani. Msichana aliyekuwa akimsaidia kuosha vyombo hakuwapo tena.

Joséphine alivuka barabara asionekane. Akajificha, jamani, kwa mtu aliyemshikia kichwa akitapika dawa ya usingizi hospitalini! Alifika nyumbani akaketi kitandani, akasema kwa sauti, peke yake, "Joséphine, we ni mchafu." Halafu akainuka akapika, maana Mukandekezi alikuwa anauliza chumvi iko wapi.

Jumamosi iliyofuata wakwe wakaja. Haikuwa sherehe yenyewe, ilikuwa ule ujio wa kwanza wa kubisha mlango na kutambuana. Alikuja mama wa Hirwa, aitwaye Mukamusoni, mwanamke mrefu wa maneno machache, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Nyumba ilikuwa imedekiwa mpaka inang'aa. Iriza alipita na trei, macho chini, mzuri mno. Mukandekezi, shangazi wa binti, ndiye aliyeshika mazungumzo, na leo ulimi wake ulikuwa umepakwa mafuta.

"Hapa kwetu tuko macho, Maman," alisema akimimina Fanta. "Ukoo haina magonjwa, haina maneno. Juzi tu tulifukuza mulozi. Mwanamuke mumoja wa Bukavu, ule wa kibanda ya sokoni. Alitaka kuniulia wifi, tulimuwahi. Sasa tunangojea tu ile kibanda ifungwe, aende kwao."

Mzee mmoja akatikisa kichwa. "Ifungwe kabisa. Batu kama hao."

"Itafungwa wiki hii. Mume wake mwenyewe ameanza kumuogopa, hakulake tena kwake."

Hilo Joséphine hakulijua. Mume wake. Alimwona akilini Nsimire akipakua sahani, na mume akiisukuma. Kitu kikamkatika ndani.

"Hapana," alisema.

Mukandekezi akamgeukia. "Nini, mama? Kwapa inauma?"

"Hapana, haikuwa sumu." Alisimama. Akashika kiti. "Niko na kanseri. Ya titi. Walinitoa uvimbe, na wakanitoa tezi ya hapa kwapani kuona kama imeenda mbali. Waliweka rangi ya bluu. Ile rangi njo nilikojoa. Nesi alinielezea mbele ya kunipasua. Nsimire alikuwa pale, aliskia. Mulipomutukana alijua, na mi nilijua, na alininyamazia kwa sababu nilimuapisha."

Fanta ilikuwa inaendelea kumiminika kwenye glasi, ikafurika, ikashuka kwenye kitambaa cha meza. Hakuna aliyeifuta. Iriza alikuwa ameweka trei chini, viganja mdomoni.

Mukamusoni aliuliza polepole, "Weye ulikuwa wapi bakimutukana?"

"Mu mulango."

"Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza." Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshavunjika, alisema na lililobaki. "Niliogopea mutoto. Nilisema mukijua mutamuacha."

Mukamusoni alimtazama Iriza. "Kanseri, mama yangu mudogo alikuwa nayo," alisema. "Tulimuuguza mbele ya batu bote, tukamuzika mbele ya batu bote. Hatukufichama." Akauchukua mkoba wake, wazee wakainuka naye. "Binti hana kosa. Tutarudi. Lakini ile maneno ya ule mama, muimalize kwanza. Siwezi kuleta mwanangu mu nyumba yenye kumwacha muntu aanguke hivi."

Wakaaga kwa adabu. Adabu ile iliuma kuliko matusi.

Joséphine alingoja Mukandekezi apige kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye kiti akiwa amejiinamia, mama wa watu, halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia, "Uliniacha nilie juu yako. Uliniacha nikuwe muongo bila kujua."

Kesho yake, Jumapili, misa ilipotoka, Mukandekezi hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Nsimire na nguo zake za kanisani, akasimama katikati ya barabara, na kwa sauti ile ile iliyoita majirani akatangaza kwamba yeye Mukandekezi alisema uongo, kwamba ilikuwa dawa ya hospitali, na kwamba asiyeamini amtazame. Kisha akaketi kwenye benchi tupu akaagiza bugali na sambaza, akala mpaka akamaliza, jasho la aibu linamtiririka, watu wamejaa kumtazama kama anayekula moto. Aliramba vidole. Akaagiza tena.

Joséphine alikwenda jioni, watu wakishapungua. Ndiyo, jioni. Hata toba yake ilichagua saa isiyo na watu.

Nsimire alikuwa anasugua sufuria. Hakuinuka. "Karibu."

"Nsimire, nimekuja kuomba pole. Nimesema yote. Mbele ya bakwe."

"Niliskia." Aliendelea kusugua. "Ni bakwe njo balikutuma huku?"

Joséphine alifungua mdomo aseme hapana. Lakini wakwe walikuwa wamesema, na yeye alikuwa amekuja baada ya wao kusema, na sasa nani angetenganisha toba na harusi? Hata yeye mwenyewe hakuweza. "Balisema," alikiri. "Lakini ningekuja."

"Lini?"

Nsimire akaweka sufuria chini, akakausha mikono. "Mukandekezi simukasirikii. Hakujua kitu, aliona mukojo ya kijani akaogopea muntu yake. Leo amekula mbele ya batu bote, imeisha. Lakini weye ulijua." Sauti yake haikupanda, afadhali ingepanda. "Siku ile nilikuwa nakuangalia. Nilisema mu roho, anatafuta maneno, muache atafute. Nilitoka. Nilifika barabarani, niligeuka nyuma. Nilisema, sasa anakuja kunifata. Nilisimama pale kidogo na termosi yangu."

Joséphine alilia. Nsimire hakumzuia, wala hakulia naye.

"Majibu ya ile tezi ni lini?" aliuliza mwisho.

"Alhamisi. Lakini nitaenda na Iriza, usijisumbue."

"Iriza hajui ile hospitali. Mi njo najua milango. Tutaenda."

Wakaenda. Njia yote ya msitu Nsimire aliketi kando yake, alimfunika kitenge baridi ilipozidi, alimnunulia maji basi liliposimama. Alifanya kila kitu ambacho gardmalade hufanya. Hakucheka hata mara moja, na Joséphine, aliyekuwa akingoja kicheko kile kuliko alivyongoja majibu, alijiona mjinga kwa kukingoja.

Nesi Uwineza aliwaita kwenye chumba kidogo, akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa anatabasamu kabla hajaketi. "Mama, habari njema. Ile tezi ni safi. Haina kanseri. Zilizobaki kwapani haziguswi. Bado utahitaji mionzi kwenye titi, na tutakufuatilia, lakini haikuwa imetembea."

Joséphine alifunika uso. Alikuwa amejiandaa kwa mabaya. Usiku mwingine alikuwa hata ameyatamani, akidhani yangelipa deni lake. Sasa amepewa wema, na hakujua aupokee kwa uso gani. Aligeuka akamkumbatia Nsimire, akalia begani kwake. Nsimire alimwacha. Alimpapasa mgongo upande wa kulia, upande usio na kidonda, kwa mkono mwepesi wa mtu anayejua kazi yake.

Uwineza aliwatazama, macho yamemlowa kidogo. "Kila safari nawaona pamoja," alisema. "Ni dada yako, mama?"

"Ndiyo," Joséphine alisema haraka, kwa furaha.

"Hapana, sista," alisema Nsimire. "Tunakaa jirani tu."

Kisha akauchukua mfuko wa Joséphine, maana mkono wake wa kushoto ulikuwa bado haujaruhusiwa kubeba kitu, akatangulia kutoka.